KIINGEREZA CHA MAPAMBO HAKIMLINDI MFANYAKAZI



Katika kurasa hizi mmezoea kusoma habari za mishahara, saa za kazi na marupurupu ya nyumba. Leo twataka kusema juu ya darasa la Kiingereza katika shule za sekondari. Msishangae. Jambo hili nalo ni la mshahara, na tutawaonyesha kwa nini.

Katika kiwanda kimoja ambako tuna wanachama, kijana mmoja alikuwa akiangalia mashine ya kufunga maboksi. Kijana huyu alimaliza kidato cha nne, na alama zake za Kiingereza hazikuwa mbaya. Mkanda wa mashine ulikuwa umechakaa. Alimwambia nyapara mara tatu kwa mdomo. Kila mara nyapara alimjibu, "Endelea tu, fundi atakuja." Siku moja mkanda ukakatika, mali ikaharibika, kazi ikasimama nusu siku. Kesho yake akapewa barua ya Kiingereza: ajieleze kwa maandishi katika saa 48 kwa nini asichukuliwe hatua.

Kijana hakuja kwetu. Alijiona msomi. Alikesha akaandika kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulieleza jinsi jua lilivyochomoza asubuhi ile na jinsi moyo wake ulivyodunda. Wa pili ulijaa maneno makubwa aliyoyakariri shuleni. Habari ya kumwambia nyapara mara tatu haikuwamo hata kwa mstari mmoja. Na mwishoni, akitaka kusema kwamba amesikitishwa na yaliyotokea, akaandika kwamba anajutia "negligence" yake. Alilipenda neno hilo. Alidhani maana yake ni ajali, au bahati mbaya.

Ndugu, neno hilo maana yake ni uzembe. Kwa mkono wake mwenyewe kijana aliandika kwamba yeye ni mzembe. Nayo Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 44, inamruhusu mwajiri kumfukuza mtu bila notisi akiwa amefanya ovyo kazi ambayo ilimpasa kuifanya kwa uangalifu. Meneja hakutafuta shahidi. Alikuwa na barua yenye sahihi.

Chama kilipopata habari tulipigana, na kijana akalipwa notisi na siku zake za likizo. Kazi hakurudishiwa. Mpaka leo tukizungumza naye husema, "Lakini neno lile mwalimu alinipa alama kwalo."

KOSA NI LA NANI?

Wako wanaosema: vijana wa siku hizi ni wavivu, simu zimewaharibu, Sheng imewaharibu. Twakataa. Sheng yenyewe ni ushahidi. Mtoto wa Eastlands hujifunza maneno mapya kila wiki bila kitabu wala fimbo, na huyatumia mahali pake bila kukosea. Huyajua kwa sababu ana kazi nayo. Mtoto wa namna hiyo hana kichwa kizito. Tutazame alichopewa shuleni.

Alipewa orodha ya maneno kumi ubaoni, ayanakili na kuyakariri. Alipewa insha za kuigwa, ambazo kila moja huanza na asubuhi nzuri na ndege wakiimba, hata kama habari yenyewe ni ya moto sokoni. Alifundishwa kwamba neno refu lina alama nyingi kuliko neno la kweli. Kisha akapewa mitihani ya miaka iliyopita, mmoja baada ya mwingine, mpaka akamaliza miaka minne.

Tena tutazame mtihani wenyewe. Kiingereza cha KCSE kina karatasi tatu, na alama zote ni 200. Kuandika kwa matumizi, yaani barua, ripoti, kumbukumbu za mkutano na mengine kama hayo, kuna alama 20. Sarufi ina alama 15. Vitabu vya fasihi vilivyoteuliwa vina alama 65. Hatusemi vitabu hivyo vitupwe. Mtu akisoma kitabu kizima huokota maneno mengi, na huyaokota yakiwa mahali pake. Lakini je, watoto wetu wanavisoma? Wengi hununuliwa kijitabu cha mwongozo kinachowaambia hadithi kwa ufupi na majibu ya kukariri. Mzazi ameuza kuku kununua kitabu, kisha akauza wa pili kununua kijitabu cha kumwezesha mtoto asisome kile cha kwanza!

Mfumo huo wa 8-4-4 unafikia mwisho wake. Watoto waliofanya KCPE ya mwisho mwaka 2023 ndio wa KCSE ya mwisho, ya mwaka 2027. Mtaala mpya, ulioanza kutumika mashuleni mwaka 2019, unasema mtoto apimwe kwa yale anayoweza kuyafanya. Vema. Sisi tunalo swali moja tu la kumpima: je, anaweza kuandika barua ya kudai haki yake, ikasomeka, ikashinda? Asipoweza, jina la mtaala limebadilika na mambo ni yale yale.

MANENO YANA BEI

Mwashi hanunui pima-maji aitundike ukutani. Neno nalo ni chombo cha kazi. Na wafanyakazi yatupasa kujua kwamba maneno mengine yana bei ya shilingi.

Chukueni maneno matatu ya Kiingereza: "resign", "retire" na "redundant". La kwanza ni kuacha kazi kwa hiari yako. La pili ni kustaafu. La tatu ni kwamba kazi yenyewe imeondolewa, na wewe huna kosa. Kwa mtu wa njiani yote matatu ni kwenda nyumbani. Kwa sheria ni mambo mbalimbali kabisa. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira chasema kwamba aliyepunguzwa kwa sababu kazi imeondolewa alipwe mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliotimiza. Aliyetumika miaka 10 ana haki ya siku 150. Akitia sahihi karatasi inayosema ameacha kwa hiari yake, siku hizo 150 zaweza kupotea kwa neno moja ambalo mwalimu angalilifundisha kwa nusu saa.

Basi twasema maneno yafundishwe hivi. Kwanza, yafundishwe kwa jamaa zake. Mtoto wetu anajua tayari, kwa lugha yake, kwamba andika, mwandishi, maandishi, andikia na andikishwa ni ndugu wa mlango mmoja. Hakuna aliyemtungia orodha. Mwambieni kwamba Kiingereza nacho kina jamaa zake: "employ", "employer", "employee", "employment", "unemployed". Shina moja, maneno matano, na katika hayo mawili hutofautiana kwa herufi moja tu mwishoni, ingawa mmoja ndiye mwenye kiwanda na mwingine ndiye mwenye jasho. Mtoto akichanganya hayo mawili katika mkataba amejiandika meneja!

Pili, neno lifundishwe pamoja na majirani zake, ili mtoto ajue tofauti ya ajali, kosa, uzembe na hujuma. Tatu, atunge sentensi zake mwenyewe, za nyumbani kwao na mtaani kwao, wala asinakili za kitabu. Nne, neno lirudiwe baada ya wiki, na tena baada ya mwezi, kwa maana neno lililosikiwa mara moja huondoka na kengele ya mwisho. Mwalimu akifundisha maneno matano kwa njia hii, mtoto ana maneno matano. Akiandika hamsini ubaoni, mtoto ana daftari lililojaa.

SARUFI NI KUMTAFUTA MTENDA

Wengi wetu tukisikia neno sarufi twakumbuka viboko. Lakini sarufi ni jambo la haki. Tazameni barua za ofisi. Nyingi huanza kwa kusema: imeamuliwa kwamba huduma yako haihitajiki tena. Imeamuliwa na nani? Barua haisemi. Kiingereza kina njia ya kujenga sentensi ambayo kitendo kinaonekana na mtenda amefichwa, na mabwana wa ofisi wanaipenda mno njia hiyo. Kiswahili nacho kina mlango huo, kwa hiyo mtoto wetu anaweza kuufahamu mara moja akielezwa. Zoezi liwe hili: hapa pana sentensi kumi zisizo na mtenda. Mtafute. Ni nani aliyeamua? Ni nani aliyekata mshahara? Ni nani aliyeacha mkanda mpaka ukakatika?

Yule kijana wetu angalifundishwa zoezi hilo, barua yake ingalikuwa na mistari minne: tarehe fulani nilimwambia nyapara mkanda umechakaa, tarehe fulani nilimwambia tena, tarehe fulani mara ya tatu, mkanda haukubadilishwa. Hakuna neno gumu hata moja hapo. Kuna tarehe, kuna mtenda, kuna kitendo. Barua kama hiyo ingalimpa meneja kazi ya kujibu.

Au tuchukue maneno mawili madogo, "may" na "shall". Katika mapatano yetu na waajiri, kifungu kikisema mwajiri "shall" atoe viatu vya kazi, amefungwa, hana budi kutoa. Kikisema "may", atatoa akipenda. Tumepata kuona kifungu kikibadilishwa neno hilo moja usiku, na asubuhi wajumbe wakatia sahihi, na kwa muda wote wa mapatano hayo watu wakasimama katika maji ya dawa kwa viatu vyao vya nyumbani. Katika darasa la Kiingereza maneno haya hupewa mstari mmoja na kupitwa.

Tena yako mambo ambayo mtoto wetu hukosea kwa sababu Kiswahili hakina. Sisi tunasema "yeye" kwa mume na kwa mke; Mwingereza hutenga. Sisi hatuna vile vineno "a" na "the" mbele ya jina. Sisi huingiza "kama" na "wakati" ndani ya kitenzi chenyewe, tukasema "akija" na "asipolipa". Mwingereza huhitaji maneno matatu au manne. Mwalimu mwerevu huziweka lugha mbili kando kwa kando ubaoni, akaonyesha mahali zinapoachana. Kwa dakika kumi mtoto ameona.

Lakini katika shule nyingi mwalimu huyo angalionekana mkosaji, maana Kiswahili na lugha za nyumbani zilipigwa marufuku siku za Kiingereza. Wazee wetu wengi wanaikumbuka diski, ile iliyopitishwa kwa kila aliyeteleza akasema lugha ya mama yake. Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 jinsi watoto wa wakati wake walivyopigwa, au kuvishwa kibao cha aibu shingoni, kwa sababu ya kusema Kikuyu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza adhabu za kumdhalilisha mwanafunzi. Anayevisha mtoto kibao leo yu kinyume cha sheria hiyo. Na diski ilifundisha nini? Ilifundisha kunyamaza. Mtoto aliyezoea kunyamaza mbele ya mwalimu kwa kuogopa kukosea Kiingereza, ndiye mtu mzima anayenyamaza mbele ya meneja.

KUANDIKA NI KUANDIKA TENA

Hakuna fundi aliyejifunza kuunganisha chuma kwa kutazama mara moja. Kuandika hali kadhalika. Mtoto huandika, mwalimu humwonyesha penye kasoro, mtoto huandika tena. Hiyo ya pili ndiyo somo lenyewe. Lakini ni shule ngapi ambako mtoto huandika insha ile ile mara ya pili? Hurudishiwa ina namba nyekundu juu, akaitazama namba, akafunga daftari.

Hapa hatumlaumu mwalimu, maana yeye naye ni mfanyakazi. Tupige hesabu. Mwalimu mwenye madarasa manne ya watoto 50 ana watoto 200. Akisoma insha moja kwa dakika kumi, hizo ni dakika 2,000, yaani saa zaidi ya 33, kwa insha moja tu, mbali na kufundisha. Wakiandika mara ya pili, ni saa 33 nyingine. Mwambieni mkaguzi afanye hivyo kwanza, ndipo aje kumwuliza mwalimu. Anayetaka watoto wajue kuandika na hataki kuajiri walimu wa kutosha, anadanganya. Na anayewaajiri walimu kwa kandarasi fupi kama vibarua wa bandarini wa zamani, kisha akataka wamlee mtoto miaka minne, anadanganya mara mbili.

WANAOTUPINGA

Wako ndugu wazalendo watakaosema: kwa nini Chama chapigania Kiingereza? Kiswahili si lugha yetu? Ndugu hao wana haki, nasi hatujarudi nyuma hata hatua moja. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, yasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sheria ya Ajira, kifungu cha 9, yamtaka mwajiri amweleze mkataba, kwa lugha anayoielewa, mtu asiyeelewa lugha iliyoandikiwa mkataba huo. Kifungu cha 41 chasema kwamba kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu au kwa kazi mbovu, aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, na awe na haki ya kuja na mfanyakazi mwenzake au mjumbe wa Chama. Dai letu la kuandikiwa mikataba kwa Kiswahili liko mezani, na litabaki mezani.

Lakini je, mpaka dai hilo lishinde, mtoto wa mfanyakazi asubiri akiwa kipofu? Watoto wa mabwana hawasubiri. Wao hufundishwa katika madarasa madogo, huandika na kuandika tena, na vitabu viko nyumbani. Kisha wao ndio huandika zile barua, na wetu ndio huzitia sahihi. Kumwambia mtoto wa mtaani kwamba Kiingereza si kitu, huku wako umempeleka kusoma Kiingereza kwa karo kubwa, huo si uzalendo.

Tukumbuke wenzetu waliotutangulia. Tom Mboya aliacha masomo Mang'u kwa kukosa karo ya kuendelea. Akafanya kazi ya ukaguzi wa afya Nairobi, huku akijisomea kwa njia ya posta. Mwaka 1953 alishika uongozi wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na mwaka 1955, wakati wa mgomo wa bandari ya Mombasa, alikuwa mmoja wa waliokaa kutafuta mapatano. Alisema Kiswahili mkutanoni na Kiingereza mezani, na lugha zote mbili zilimtumikia mfanyakazi. Makhan Singh, aliyepata kufungwa na kuzuiliwa miaka mingi kwa ajili ya vyama, alituandikia kwa Kiingereza historia ya vyama hivyo, ikatoka mwaka 1969. Watu hao hawakujifunza maneno ili wasifiwe.

TUNAYOYATAKA

1. Kuandika kwa matumizi na sarufi vipewe uzito mkubwa katika darasa na katika mtihani. Kila mtoto amalizapo sekondari awe ameandika, akasahihishwa, akaandika tena, barua ya madai, taarifa ya tukio na kumbukumbu za mkutano.

2. Mkataba wa kazi, barua ya notisi na hati ya mshahara viwe vifaa vya darasa la Kiingereza, kama vile hadithi na mashairi.

3. Walimu waajiriwe wa kutosha, kwa kazi ya kudumu. Vyama vya walimu vikidai jambo hili, sisi tusimame nao, maana wanadai kwa ajili ya watoto wetu.

4. Walimu waruhusiwe kutumia Kiswahili kueleza Kiingereza, na aibu ya diski ikome kabisa.

5. Vitabu vyenyewe viwe katika maktaba ya shule, ili mzazi asilazimike kununua vijitabu vya kukariri.

Hayo ni ya serikali na mashule. Lakini yako na ya kwetu. Tutaleta hoja katika mkutano wa tawi kwamba Chama kianzishe darasa la jioni, mara moja kwa wiki, ambapo barua halisi zilizoletwa na wanachama zitasomwa neno kwa neno. Waliosoma waje kufundisha. Wasiosoma waje kuuliza, maana maswali yao ndiyo mazuri. Na nyumbani, ndugu, mwombe mtoto wako wa sekondari akusomee barua ya kazini na akueleze kila neno. Akishindwa, usimpige. Nenda naye shuleni siku ya wazazi, ukaiweke barua hiyo mezani, ukaulize.

Na mpaka hayo yote yatimie, sheria yetu iwe moja: mwanachama asitie sahihi neno asilolijua. Saa 48 ni muda wa kutosha kufika ofisi ya Chama. Yule kijana alikuwa na siku mbili nzima, na ofisi yetu iko ng'ambo ya barabara kutoka lango la kiwanda chake.

Umoja ni nguvu.

Ni sisi wenu katika Chama.